Mama Chupa na Jicho Lililopikwa

Jina la Mama Chupa nilimpa mimi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, nisije nikajitia hamnazo huko mbele.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, nesi mpya wa nusu kaputi, mdomo mwepesi kuliko mikono. Kila asubuhi nilimwona mwanamke mfupi, wa makamo, akiingia kwa mlango wa nyuma wa thieta na chupa ya chai ya bluu kwapani, kifuniko chake kimezungushiwa plasta. Anapita kimya hadi kwenye chumba chake cha kusafishia vyombo, na mlango unafungwa. Siku ya nne uvumilivu ukanishinda. "Mama Chupa," nikamwita mbele za watu, "chai yote hiyo peke yako? Na sisi tumo!" Watu walicheka hadi barakoa zikawatoka puani. Yeye alinitazama, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Kufikia mwisho wa mwezi hata orodha ya zamu ilikuwa imeandikwa hivyo.

Chupa ile haikuwa na chai. Ilikuja tupu, safi, na thieta ndiko ilikojazwa maji ya moto yaliyotakaswa. Ilikuwa ya kupashia jicho.

Jicho ndilo jina letu la ile darubini ya upasuaji wa matundu madogo. Ni fimbo ya chuma, nyembamba, imejaa vioo ndani, na huingizwa tumboni kupitia tundu dogo karibu na kitovu. Kamera hufungwa kwenye kichwa chake, na daktari hufanya kazi akitazama televisheni. Thieta ni baridi na tumbo la mtu ni joto, kwa hiyo jicho likiingia hivi hivi linashika ukungu, na daktari anabaki anatazama maziwa. Likikaa kwanza ndani ya chupa ya Mama Chupa, linaingia likiwa safi. Hospitali haikuwa na kifaa cha kazi hiyo, basi alinunua chupa yake. Aliibeba kwenda nayo nyumbani kila jioni kwa sababu mara mbili alizoiacha kazini alikuta wajanja wameitilia chai ya sukari.

Miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba kile. Hakina dirisha ila kile kitundu cha kupokezana vyombo na thieta. Kuna sinki refu la chuma, brashi zimetundikwa kwa ukubwa wake, na mashine mbili za mvuke ambazo moja ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Vyombo vya matundu madogo vina mabomba membamba na viungo vidogo ambamo damu hujificha na kukauka, na kila bomba lazima lipitishwe brashi, lisukumwe maji, lipulizwe, lirudiwe. Alisimama juu ya gunia lililokunjwa ili miguu isivimbe, na ilivimba vilevile. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeliwa na dawa mpaka simu yake ikawa inakataa kumtambua. Ukimwuliza habari za asubuhi alijibu, "Nimechoka mpaka kucha. Za kwako?" Hakuwa analalamika. Alikuwa anajibu swali.

Mfukoni alikuwa na kipande cha gazeti ndani ya nailoni, tangazo la magodoro. Akimaliza kuosha jicho analiinua usawa wa taa, analisogeza karibu na tangazo, anasoma kupitia kioo: Lala usingizi mnono. Maneno yakionekana yote, jicho ni zima. Miaka yote hiyo mwanamke aliyechoka mpaka kucha alisoma maneno hayo kila siku ya kazi. Nilipomtania kuhusu hilo alisema, "Siku nikilala huo mnono, gazeti nitakuachia wewe."

Nayasema haya yote ili mjue mikono yake ilikuwa mikono ya namna gani, kabla sijafika siku ilipokosea.

Nilikuwa na miaka minne kazini binti alipoletwa, wa miaka kumi na mitatu, mwembamba, amevaa sweta la shule siku ya joto ili kuficha tumbo. Tumbo lilikuwa limetangulia kidogo mbele. Mama yake aliongea kabla hajaulizwa.

"Huyu wamempima mimba mara nne, sista. Mara nne, na mara zote hakuna kitu. Lakini shangazi yake anasema vipimo vinahongwa."

Kila mwezi, kwa miezi minane, binti alipata maumivu ya siku tatu nne, anajikunja sakafuni anang'ata kanga ya mama yake. Kisha yanapoa, kisha yanarudi. Shuleni walimrudisha nyumbani wakamwambia aje na mzazi. Nyumbani kwa baba yake maneno yalikuwa mengi kuliko chakula. Kilichoniuma zaidi ni kwamba binti mwenyewe alishaanza kuamini. Aliniuliza kwa sauti ya chini, nikiwa nampima presha, kama mtu anaweza kupata mimba bila kujua.

Daktari wetu, tuliyemwita Dokta Mrefu kwa sababu meza ikipandishwa kumfaa yeye sisi wengine tunasimama juu ya stuli, aliwaita mama na binti, akachora kwenye karatasi.

"Mtoto huyu hana kosa lolote," alisema. "Amezaliwa na ukuta ndani ya njia ya uzazi. Hedhi yake imeanza kama ya wenzake, ila haina pa kutokea. Inajaa huko ndani mwezi baada ya mwezi. Tumbo hili ni damu."

Mama alianza kulia hapo hapo. Sijui alilia kwa huzuni au kwa kushukuru, pengine yote mawili.

Mpango ulikuwa matundu matatu madogo, jicho liingie kwa juu lionyeshe kila kitu kilivyokaa, kisha ukuta ufunguliwe kwa chini huku jicho likilinda kibofu na utumbo visiguswe. Daktari hakumficha mama upande wa pili. Bila jicho ingebidi kufungua tumbo lote, na kwa jinsi mambo yalivyovimba na kushikana, hakuweza kuahidi kwamba mfuko wa uzazi ungebaki. Binti alikuwa ameanza homa, damu ile ikielekea kuoza, hivyo kungoja hakukuwepo. Hospitali nyingine yenye jicho ilikuwa na foleni ya miezi mitatu. Mama alitia sahihi. Upasuaji ukapangwa kesho yake asubuhi.

Siku hiyo ya kabla tulifanya wagonjwa watano. Msaidizi wa Mama Chupa alikuwa likizo wiki ya tatu, na kazi ya watu wawili ilikuwa juu ya mtu mmoja. Sasa sikilizeni kosa lilivyokuwa, maana ni kosa ambalo mzembe asingeliweza. Tulikuwa na macho mawili. Jipya lilistahimili mvuke. La zamani halikustahimili, lilikuwa la kulowekwa kwenye dawa tu, na Mama Chupa alilifunga uzi mwekundu ili asilisahau. Jipya lilipovunjika likapelekwa kutengenezwa, la zamani likarithi trei yake. Uzi mwekundu ulikuwa umechakaa ukakatika. Na trei ile, kwa miaka sita, ilikuwa inaingia kwenye mvuke.

Asubuhi binti alikuwa tayari kitandani kwenye korido, mimi natafuta mshipa mkononi mwake huku nikimpigisha soga za shule. Kile kitundu cha vyombo kikafunguka.

"Njoo usome," Mama Chupa alisema.

Nilikwenda. Alinishikia jicho usawa wa taa, gazeti mbele yake. Nikachungulia. Hakukuwa na godoro, hakukuwa na usingizi mnono. Kulikuwa na weupe tu, ndani kabisa, mahali kitambaa hakifiki.

"Nimelipika," alisema.

Uso wake haukuwa na kitu. Nikaangalia nyuma kama kuna mtu, nikamsogelea, na nitawaambia nilichosema, ingawa sijivunii.

"Mama, nyamaza. Jicho lenyewe zee. Sema limekufa lenyewe. Umebakiza miezi minne ustaafu, unataka barua ya nini?"

"Nikisema limekufa lenyewe, mtamwita fundi," alisema. "Atakuja saa tano, atalifungua, atalifunga, atasema tusubiri. Nikisema nimelipika, mtatafuta jicho lingine sasa hivi." Akaifuta mikono kwenye aproni. "Mwite daktari."

Dokta Mrefu alikuja, akachungulia, akakaa kwenye stuli ambayo siku zote huwa tunasimama juu yake sisi.

"Mama."

"Naam, dokta."

"Umelipika."

"Nimelipika. Mikono ilikwenda na trei."

Nilingoja afoke. Alikuwa na haki ya kufoka. Alijisugua macho tu kwa kiganja, kwa muda mrefu. Yeye pia alikuwa hajapumzika tangu juzi.

"Basi tutafungua," alisema. "Nitazungumza na mama yake."

"Nipe nusu saa," Mama Chupa alisema. "Kliniki ya mkojo wana jicho dogo."

"Kufuli hatoi."

"Nipe nusu saa."

Daktari akanitazama. "Nenda naye," aliniambia, "asije akatupiwa ndoo."

Kufuli alikuwa nesi mkuu wa kliniki ya mkojo, jengo la pili, mwanaume mkavu mwenye funguo zimefungwa kiunoni kwa kamba ya kiatu. Jicho la kwao ni la kuchungulia kibofu, jembamba kuliko penseli na fupi kuliko letu, ila linafunga kwenye kamera ile ile, na tumbo la mtoto halihitaji urefu. Wote tulijua Kufuli ni mkono wa birika. Sababu yake nayo tuliijua. Mwaka uliopita walituazima lao, tukalirudisha na ufa, na wazee wake wenye mipira ya mkojo wakakaa miezi mitano bila kuchunguzwa. Asubuhi ile pia walikuwepo, wamepanga mstari kwenye benchi, kila mmoja na mfuko wake mapajani.

"Hapana," alisema kabla hatujamaliza salamu. "Habari imeshafika. Mmepika lenu, mje mpike na langu?"

"Nimepika mimi," Mama Chupa alisema. "Si wao."

"Afadhali. Basi jibu ni lako peke yako. Hapana."

"Ni mtoto, baba. Ana ukuta. Daktari anataka kumfungua tumbo."

"Na hawa?" Alinyoosha kidole kwenye benchi. "Hawa si watu? Samahani, mama. Nimesema hapana."

Mama Chupa hakuondoka. Alitafuta pa kukaa, hapakuwepo, akaegemea kabati lenyewe. Nilidhani anapumzisha miguu.

"Mimi nilikuwa na ukuta huo," alisema.

Kufuli aliacha kuchezea funguo.

"Nikiwa na miaka kumi na minne. Wakati huo hakukuwa na jicho. Walinifungua kuanzia hapa mpaka hapa. Walikuta uvimbe mweusi wakadhani ugonjwa, wakautoa. Ulikuwa kizazi changu, kimejaa damu tu." Alikuwa anaongea kama anamsomea mtu orodha ya vyombo. "Mimi sikuambiwa. Mama yangu aliambiwa, akaona aibu, akanyamaza. Niliolewa. Nilikunywa mizizi miaka saba, baba, na mume wangu akapelekwa kwa waganga watatu. Nilishaajiriwa hapa hapa ndipo dada mmoja wa kipimo cha picha akaniambia nilale anitazame bure. Akatazama, akazima mashine. Akaniuliza, 'Mama, kwani hukuambiwa?' Mama yangu alishakufa. Sikuwa na wa kumwuliza kitu."

Mzee mmoja kwenye benchi alikuwa anasikiliza, akageuza uso.

"Yule wa kule ana kizazi," Mama Chupa alisema. "Mpaka sasa hivi anacho."

Kufuli alifungua kabati. Mikono yake ilikosea ufunguo mara mbili. Alitoa kijisanduku, akakibana kifuani.

"Nalibeba mwenyewe," alisema. "Na lisisogee karibu na mvuke."

"Nimekoma," alisema Mama Chupa.

Kwenye korido ya kurudi nilikuwa nyuma yao. Katika hospitali yetu kila mwanamke wa umri wake ni mama fulani, kwa jina la mwanawe. Yeye alikuwa Mama Chupa, na jina lilitoka kinywani mwangu, kwa mzaha, mbele za watu. Tulicheka miaka minne. Nilijichukia, nalisema wazi. Nikamkimbilia, nikaanza, "Mama, lile jina..."

"Tembea," alisema. "Dawa ya kulowekea inataka dakika ishirini."

Alililoweka jicho dogo mwenyewe, akasimama mbele ya beseni na saa mkononi, Kufuli kamsimamia kama askari, kofia ya thieta ameivaa mbele nyuma. Likasuuzwa. Likasomwa: Lala usingizi mnono, herufi zote. Likatumbukizwa kwenye maji ya moto ya chupa ya bluu. Mimi nilimlaza binti. Aliniambia anaogopa, nikamwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi, na alifika saba.

Jicho liliingia bila ukungu. Kwenye televisheni tuliona mfuko wa uzazi umevimba, wa zambarau, kama biringanya, na damu nzee imetapakaa kuuzunguka. Daktari alisogeza taratibu. Mirija miwili. Vifuko viwili vya mayai. Kisha akaenda upande wa chini, mwenzake akishikilia jicho juu, akautafuta ukuta, akaufungua. Ilitoka damu nyeusi, nzito kama lami, ikatoka tena, na pale juu tukauona ule uvimbe ukinywea wenyewe. Akaweka mpira laini wa kuzuia njia isizibe tena, ambao binti angekaa nao wiki kadhaa.

"Kipo chote," Dokta Mrefu alisema. "Mwambieni mama, kipo chote."

Niligeuka kwenye kitundu. Mama Chupa alikuwa amesimama hapo, mikono miwili imeikumbatia chupa, anatazama televisheni. Sijui alisimama kwa muda gani. Aliposikia hivyo alifunga kitundu na nikasikia maji ya sinki.

Barua ya onyo ilikuja siku tatu baadaye na aliisaini bila kuisoma. Barua hiyo ingeandikiwa trei, ningeielewa.

Ila jioni ya siku ile ya upasuaji, kabla hajaenda nyumbani, alifanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Alivua aproni, akaja chumba cha kuzindukia. Binti alikuwa macho, anajipapasa tumbo akitafuta mshono mkubwa. Mama yake alimshikia kidole akamwonyesha plasta, moja, mbili, tatu, basi. Daktari alikuwa anamweleza mama pembeni, kwa sauti ya chini, wanavyofanya siku zote.

"Dokta," Mama Chupa alisema. "Mwambieni yeye mwenyewe."

Daktari alisita. "Bado ana usingizi, mama."

"Ana masikio."

Mama Chupa akavuta stuli, akakaa karibu na mto. "Binti, nisikilize. Ulizaliwa na ukuta ndani. Leo umefunguliwa. Kizazi chako unacho, mirija unayo, mayai unayo. Damu itakuwa inatoka kila mwezi kama ya wenzako. Mtu yeyote akikuambia vinginevyo, uje hapa uulize. Umenisikia?"

"Ndiyo," binti alisema. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikuwa na mimba?"

"Hukuwa na kitu. Ulikuwa unaumwa tu."

Binti alilia hapo, kilio cha mtoto mdogo, na alipolia mama yake akalia. Mama Chupa alikaa tu kwenye stuli, chupa yake kwapani, kama mtu aliyesahau njia ya kwenda nyumbani.

Mama wa binti alipojifuta machozi akamshika mkono, vile vidole visivyo na ngozi. "Sijui nikushukuru vipi, dada yangu. Nataka nikutaje kwenye dua. Wewe ni mama nani?"

Nilikuwa natengeneza dripu pale pale. Ningeweza kusema kitu. Nikakaza plasta ya dripu.

"Mama Chupa," alijibu.

Mama hakucheka. Watu huwapa watoto wao majina ya kila aina, na alikuwa mtu mwenye adabu. "Chupa ndiye wa kwanza?"

Mama Chupa alifikiri kidogo. Alikuwa amechoka sana, ilionekana hata mabegani.

"Ndiye huyo huyo mmoja," alisema.

Akainuka, akaniambia kesho kuna wagonjwa wanne, nisichelewe kumletea trei.